Wanafunzi wa Kihispania na vitenzi vya Kiingereza "vyenye mkia": nianzie wapi?

MwalimuWaJioni

Wakuu, habari za humu. Nafundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao. Darasa lina watu wazima wanane, wote lugha yao ya kwanza ni Kihispania: watano wako Meksiko, wawili Kolombia, mmoja Hispania. Kiwango ni B1 kuelekea B2, yaani wa kati kuelekea wa kati wa juu. Nyakati za vitenzi wanazimudu, na wakisoma gazeti wanaelewa sehemu kubwa.

Wanapokwama ni kwenye vile vitenzi vya maneno mawili, "give up", "find out", "put off", "run into". Darasani tunaviita vitenzi vyenye mkia, kwa kuwa kitenzi kinabaki kilekile lakini mkia ukibadilika, mnyama naye anabadilika.

Shida ni tatu. Kwanza, hawavitumii kabisa: watasema "I tolerate my boss", "they postponed the party". Pili, wakivitumia wanasema "turn off it". Tatu, niliwapa orodha ya vitenzi 25 vya "get", wiki iliyofuata wakawa wamevichanganya vyote kwenye chungu kimoja.

Swali: nianze na vipi, vingapi kwa wiki, na je, mkia unaelezeka au ni kukariri tu? Kihispania changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mnaokijua msinionee haya kunifafanulia.

---

KamusiMkononi

Mwalimu, lishughulikie kwanza hilo la kutovitumia, kwa kuwa ndilo linalojificha. Anayesema "postponed" hajakosea kitu, hivyo hupati pa kumsahihisha, na anaweza kumaliza mwaka mzima bila kutamka "put off" hata mara moja. Watafiti Dagut na Laufer walilichunguza jambo hili mwaka 1985 kwa wanafunzi wa Kiingereza ambao lugha yao ya kwanza ni Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, wakakuta kwamba wengi wao hukimbilia kitenzi cha neno moja.

Kwa Mhispania kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu Kiingereza kilikopa nusu ya kabati la Kilatini, na Kihispania ni mtoto wa Kilatini. "Tolerar" anaikuta "tolerate", "posponer" anaikuta "postpone", "continuar" anaikuta "continue", "extinguir" anaikuta "extinguish". Kwa nini ahangaike na "put up with"? Tatizo ni kwamba kwa Mwingereza maneno hayo yamevaa suti. Kwenye ripoti yanakaa vizuri, ila jikoni yanasikika kama mtu anayemwambia mdogo wake "naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kuwasili" badala ya "samahani, nimechelewa".

Kwa hiyo usiwape zoezi la kutaja maana. Wape sentensi iliyovaa suti waivue: "The firefighters extinguished the fire" iwe "put out the fire", "We will investigate the problem" iwe "look into". Ila waonye kwamba si kila jozi inabadilishana pande zote. "Discover" inafaa kwa kisiwa na kwa habari, "find out" inafaa kwa habari tu. Mwili unaweza "tolerate" dawa, lakini hakuna mwili unaoi-"put up with" dawa, kwa kuwa "put up with" ni kuvumilia kero, tena kwa shingo upande.

Sasa swali lako la kama mkia unaelezeka. Mikia ya mwendo inaelezeka kabisa, na wewe Mswahili unaielewa shida yao kuliko mwalimu aliyezaliwa London. Mhispania husema "entró corriendo", sisi tunasema "aliingia akikimbia". Yeye husema "cruzó el río nadando", sisi "alivuka mto akiogelea". Yaani kuingia na kuvuka kumo ndani ya kitenzi chenyewe, na namna ya kwenda inafuata baadaye. Kiingereza kinapindua: "he ran in", "she swam across the river". Kitenzi kinabeba mbio na kuogelea, na mkia ndio unaoingia na kuvuka. Mwanaisimu Leonard Talmy aliziainisha lugha kwa kigezo hikihiki, na Kihispania ndicho mfano unaotajwa sana upande ambao Kiswahili nacho kimo.

Wafundishe hivi: andika mikia minane, na kila mmoja upe kitenzi chake cha Kihispania. "In" ni "entrar", "out" ni "salir", "up" ni "subir", "down" ni "bajar", "across" ni "cruzar", "through" ni "atravesar", "back" ni "volver", "away" ni "irse". Kisha chukua vitenzi vitano vya namna ya kwenda: "run", "walk", "jump", "drive", "crawl". Hapo una michanganyiko 40 bila msamiati mpya hata mmoja, na wanaanza kuona kwamba mkia ni kitenzi kilichojificha. Michanganyiko michache itachekesha, kama "drive up" mtini. Waache wacheke, wanakumbuka vizuri zaidi.

Halafu kuna hazina ambayo walimu wengi wanaipita bila kuiona: kile kineno "se" cha Kihispania. "Comer" ni kula. "Comerse la pizza" ni kuila yote ikaisha. "Ir" ni kwenda, "irse" ni kuondoka. "Beber" ni kunywa, "beberse" ni kunywa mpaka tone la mwisho. Kazi hiyo ya kufikisha tendo mwisho wake ndiyo inayofanywa na "up" kwenye "eat up", "drink up", "use up", na na "away" kwenye "go away". "Sentarse" ni "sit down", "levantarse" ni "get up", "despertarse" ni "wake up", "caerse" ni "fall down" au "fall over". Si kila "se" ina mkia wake Kiingereza, lakini mwanafunzi akishaambiwa kwamba lugha yake nayo hubadilisha kitenzi kwa kukiongezea kipande kidogo, hofu inapungua. Na sisi tunacho: linganisha "tupa" na "tupilia mbali", "futa" na "futilia mbali".

Nyongeza moja kuhusu "find out". Kihispania hakina haja ya kitenzi kingine hapo, wakati pekee unatosha: "sabía" ni nilikuwa najua, "supe" ni nilipata kujua. Ndiyo maana utawasikia wakisema "yesterday I knew that she is married". Sarufi utaiona iko sawa, maana imepinda. Waambie tu: kila ambapo ungesema "supe" au "me enteré", Kiingereza ni "I found out".

---

FundiSentensi

KamusiMkononi kamaliza la maana, mimi nishike la "turn off it".

Kosa hilo lina mantiki yake. Kihispania ukiamuru taa izimwe unasema "apágala": kitenzi kizima, kisha kiwakilishi kinabandikwa mwishoni. Mwanafunzi ameshakariri kwamba "turn off" ni "apagar", hivyo anachukua kitenzi kizima na kubandika "it" mwishoni. Ukimwambia "ni kosa" bila kumwonyesha chanzo, kesho atarudia.

Mwelekeze kwa mkazo. Kiingereza hupenda kumalizia sentensi kwa kitu kipya au kizito. "It" ni kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari, hakina uzito, kwa hiyo kinasukumwa katikati na mkia unachukua mkazo wa mwisho: "turn it OFF", "pick it UP", "throw them AWAY". Jina la kawaida linaweza kukaa popote, "turn off the light" au "turn the light off". Mtendwa akiwa mrefu, mkia unarudi kwenye kitenzi: "turn off all the lights you left on upstairs". Hakuna anayesubiri mpaka mwisho wa sentensi hiyo ndipo aseme "off".

Kisha kuna kundi la pili, ambalo mkia haubanduki: "look after her", "run into him", "get over it", "look for them". Hapa kile kineno ni kihusishi cha kawaida na mtendwa hukaa nyuma yake siku zote. Namna mbili za kupima:

Ya kwanza ni sikio. "LOOK at it", mkazo uko kwenye kitenzi. "Turn it OFF", mkazo uko kwenye mkia. Ya pili ni kuchomeka neno katikati. "Look carefully at the picture" inapita. "Turn quickly off the light" haipiti. Kipimo cha pili kinafaa kwa mwalimu zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa B1 hana sikio la kujua kipi kinapita.

Angalia pia kiima. Mmeksiko husema "se descompuso el coche", gari likija mwisho, halafu unasikia "broke down the car". Kiingereza hakikubali: "the car broke down". Hilo si tatizo la mkia, ni la mpangilio, lakini linajitokeza sana hapa kwa kuwa vitenzi vingi vya aina hii havina mtendwa: "the plane took off", "the alarm went off", "a problem came up".

Na matamshi, tafadhali usiyaache mpaka mwisho. "Pick it up" haisikiki kama maneno matatu. Inasikika "pi-ki-tap". "Turn it off" ni "te-ni-tof". Wanafunzi wengi wanavijua vitenzi hivi kwenye karatasi lakini hawavitambui vikipita masikioni. Wajengee kutoka nyuma: "tap", halafu "kitap", halafu "pikitap". Mara tano kila kimoja, halafu kwenye sentensi. Wakati uliopita ndio mtego mkubwa, kwa sababu Mhispania huipa "-ed" silabi yake: "pick-ed up". Inatakiwa "pik-tap". Irabu nazo: Kihispania, kama Kiswahili, kina "i" moja tu, kwa hiyo "fill out" na "feel out", "leave out" na "live out" kwao ni pacha. Hapo na wewe jisikilize kwanza.

---

Mzizima77

Mnazidisha utaalamu. Watu wazima wana kazi na watoto. Orodha ya 100, wakariri, mazungumzo yatawanyoosha.

---

BiMkubwa_Orodha

Mzizima77 hujakosea kwenye idadi, umekosea kwenye kukariri.

Watafiti Gardner na Davies walihesabu mwaka 2007 kwenye hazina ya matini ya Kiingereza cha Uingereza, ile ya maneno milioni 100, wakapata kwamba vitenzi 100 tu vya aina hii vinachukua zaidi kidogo ya nusu ya matumizi yote. Kwa hiyo orodha fupi inalipa. Mwiba uko hapa: kila kimoja kina maana kadhaa. Ndiyo maana Garnier na Schmitt mwaka 2015 walitoa orodha ya 150 wakaambatanisha maana zinazotumika zaidi tu, zikawa 288, karibu mbili kwa kila kitenzi. Juu kabisa kuna "go on", "pick up", "come back", "come up", "go back", "find out". Utaona hakuna cha ajabu hapo. Walimu wengi huanza na vile vya kuchekesha kwenye vitabu vya mitihani, wanafunzi wanamaliza kozi wakijua "egg on" na hawajui "come up".

Mwalimu, orodha yako ya "get" ndiyo iliyokuangusha. Vitu vinavyofanana sura ukivifundisha pamoja vinakulana vyenyewe kwa vyenyewe. "Get over", "get through", "get by", "get along" kwenye ukurasa mmoja ni kumwambia mtu akariri ndugu wanne mapacha kwa siku moja. Panga kwa hali: asubuhi nyumbani, simu ya kazini, uwanja wa ndege, ugomvi na jirani. Uwanja wa ndege unakupa "check in", "take off", "get on", "get off", "drop off", "pick up", na hakuna viwili vinavyogombania sehemu moja ya kichwa, isipokuwa "get on" na "get off", ambavyo ni kinyume na vinasaidiana.

Idadi: vinane kwa wiki vinatosha kwa mtu mwenye kazi. Rudia siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21. Kamwe usiandike kitenzi peke yake kwenye kadi. Kiandike na mwenzake: "put off the meeting", "fill out a form", "run out of milk". Na upande wa pili usiweke kitenzi cha Kihispania, weka sentensi nzima ambayo yeye angeisema. Mfano: upande mmoja "Se nos acabó la leche", upande wa pili "We've run out of milk". Tazama kilichotokea: Kihispania kinalifanya ziwa kuwa kiima, maziwa ndiyo yaliyoisha, na sisi pia tunasema "maziwa yametuishia". Kiingereza kinatufanya sisi ndio tuishiwe. Kadi yenye "acabarse = run out" haionyeshi mgeuko huo, na ndipo sentensi inapoharibika.

Kuhusu kueleza mikia isiyo ya mwendo: ipo inayolipa. "Out" ya kujulikana: "find out", "figure out", "work out", "point out", "turn out". Kitu kilikuwa gizani kikatoka nje, na Kihispania kina "salir a la luz", kutokea mwangani, picha ileile. "On" ya kuendelea: "go on", "carry on", "keep on". "Down" ya kupungua: "slow down", "calm down", "turn down" ya sauti ya redio. "Off" ya kubanduka: "take off" ya ndege ni "despegar", na hilo neno lenyewe maana yake ni kubandua. Mhispania akionyeshwa hilo hasahau.

Lakini usivutwe mbali. Nyumba inayoteketea "burns down", karatasi "burns up", na zote zimekuwa majivu. "Give up" na "put up with" nazo usizitafutie falsafa, utapoteza dakika 20 za somo. Hizo kariri, Mzizima77 afurahi.

---

Mzizima77

Nimefurahi. Ila "ziwa kuwa kiima"?

---

BiMkubwa_Orodha

Maziwa jamani. Vidole.

---

KahawaChungu

Jambo ambalo hamjaligusa: Kiingereza chetu cha huku. Mwalimu wa Afrika Mashariki ana mikia yake aliyoikata na mingine aliyoiongeza, na ataipitisha kwa wanafunzi bila kujua.

Tunasema "I will pick you at six", wenzetu wanasema "pick you up". "Pick my call" kwao haieleweki vizuri, ni "pick up" au "answer". Upande wa pili tunaongeza: "cope up with" haipo, ni "cope with", labda imechanganyika na "keep up with". "Discuss about" pia, ingawa hiyo hata Wahispania watakuunga mkono, wana "hablar de". Na "put off the light" mtu wa Marekani anaielewa kwa kubahatisha, kwake taa ni "turn off", na "put off" ni kuahirisha. Wanafunzi wakifundishwa "put off" ya taa na "put off" ya mkutano wiki moja, kazi kwisha.

Pili, wengi wa darasa lako wako Meksiko na Kolombia, na huko Kiingereza wanachokihitaji mara nyingi ni cha Marekani. Fomu "fill out", si "fill in". "Wash up" kwa Mwingereza ni kuosha vyombo, kwa Mmarekani ni kunawa. Yule wa Hispania huenda akakutana na Waingereza zaidi, muulize.

Na kama kuna aliyewahi kuishi Marekani, atakuambia "te llamo pa' atrás", yaani "call back" iliyovishwa nguo za Kihispania neno kwa neno. Walimu wao wa Kihispania huichukia. Wewe itumie, ni ushahidi kwamba mkia umeshaingia kichwani. Ni kama mtu aseme kwa Kiswahili "nitakupigia nyuma", ungecheka lakini ungeelewa.

---

MwalimuWaJioni

Nashukuruni sana wakuu. Ile ya kuvua suti naanza nayo wiki hii, na orodha ya "get" nimeshaifuta. "Pick you at six" nakiri imo kwenye vidokezo vyangu, naiondoa leo.

Moja la mwisho. Wote wanane wanaandika "I look forward to see you" na "he gave up to smoke". Ni uzembe au kuna chanzo?

---

FundiSentensi

Kuna chanzo, na kiko wazi. Kihispania baada ya kihusishi huja kitenzi-jina siku zote: "sin comer", "antes de salir", "dejar de fumar". Sisi vilevile: "bila kula", "kabla ya kutoka", "kuacha kuvuta". Kiingereza baada ya kihusishi kinataka "-ing". Mwanafunzi anaona "to" kwenye "look forward to", anadhani ni ile "to" ya kitenzi, kumbe ni kihusishi.

Mpe kipimo: badala ya kitenzi weka jina, "the meeting". "I look forward to the meeting" inapita, basi kitenzi kikija ni "-ing": "look forward to seeing you". "I want to the meeting" haipiti, basi ni "want to see". Kipimo hichohicho kinaokoa "I'm used to": "I'm used to the noise" inapita, kwa hiyo "I'm used to getting up early".

Kwa "give up", "keep on", "put off" na "carry on" huhitaji kipimo. Mkia ukiwa mwisho na kitenzi kinafuata, ni "-ing": "gave up smoking", "kept on talking", "put off going to the dentist". Inayowachanganya hapo ni "go on": "he went on talking" ni aliendelea kuongea, "he went on to talk about money" ni alimaliza la kwanza akahamia kwenye pesa. Hiyo iache mpaka wafike B2.